Kati ya Mlango na Mlango: Mwongozo wa Kuboresha Huduma kwa Mgonjwa Kituoni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watumishi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya nchini Tanzania: mganga mfawidhi, tabibu, muuguzi, mteknolojia wa maabara, mtoa dawa, karani wa masjala, mhudumu wa afya na mlinzi wa getini. Si lazima uwe kiongozi ndipo uutumie. Hatua nyingi humu hazihitaji bajeti, na baadhi unaweza kuzianza kesho asubuhi na mwenzako mmoja tu.

Msimamo wake ni huu: mgonjwa hahudumiwi na mtu mmoja, anahudumiwa na mnyororo wa watu. Akiwa ndani ya chumba cha tabibu kwa kawaida hupata msaada. Anapopotea ni katikati: kati ya geti na masjala, kati ya maabara na tabibu, kati ya zamu ya usiku na ya asubuhi, kati ya dirisha la dawa na nyumbani kwake. Basi anayetaka kuboresha huduma aanze na nafasi hizo za katikati.

## Kwa nini mjisumbue

Mgonjwa aliyedharauliwa harudi. Mama aliyefokewa kliniki akiwa na mimba changa atakuja safari nyingine uchungu ukiwa umeshika, au hatakuja kabisa. Mwenye shinikizo la damu aliyechoshwa na foleni atapitia duka la dawa, anunue vidonge vya siku tatu, halafu akae mpaka apooze. Lugha mbaya na foleni ndefu huishia kuwa ugonjwa.

Fedha humfuata mgonjwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaongeza uzito wa jambo hili: mwenye bima akienda kwingine, malipo yake huenda kwingine pia.

Kazi inakuwa nyepesi. Foleni iliyopangwa haina kelele. Mgonjwa aliyeelewa maelezo ya dawa harudi baada ya siku mbili kuuliza tena. Utaratibu mzuri unamwondolea mtumishi nusu ya ugomvi wa siku.

## Hatua ya 1: Undeni timu ndogo yenye watu wa kila mlango

1. Chagueni watu sita au saba. Awepo mmoja kutoka masjala, mmoja wa maabara, mmoja wa dawa, muuguzi, tabibu, na lazima awepo mlinzi au mhudumu wa afya.
2. Ongezeni mjumbe mmoja kutoka kamati ya usimamizi ya kituo, kwa kuwa yeye ndiye anayesikia yanayosemwa mtaani.
3. Kutaneni mara moja kwa wiki, dakika 30, siku na saa ileile. Msisubiri posho.
4. Kila kikao kitoke na jambo moja la kufanya, jina la atakayelifanya, na siku ya kulitolea taarifa.

Angalizo: Msimwache mlinzi nje ya timu. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuonana na mgonjwa, na akisema "leo daktari hayupo" kwa kukisia tu, mtu anageuza na kurudi nyumbani na homa yake.

## Hatua ya 2: Pimeni muda kabla ya kubadili chochote

Kila mtumishi ana maelezo yake kuhusu foleni: masjala wanasema ni maabara, maabara wanasema ni tabibu. Karatasi itawaamulia.

1. Chukueni karatasi 20. Kila moja iwe na mistari: kufika getini, masjala, tabibu, maabara, kupata majibu, kurudi kwa tabibu, dawa, kuondoka.
2. Wapeni wagonjwa 20 wa siku ya kawaida, wa kwanza hadi wa mwisho, si wa asubuhi peke yao. Wagonjwa wa dharura wasipewe.
3. Kila mlango uandike saa mgonjwa alipoingia na saa alipotoka.
4. Mwisho wa siku tengeni muda wa aina mbili: wa kuhudumiwa na wa kungoja.

Tuseme mama mmoja alifika saa 1:40 asubuhi akaondoka saa 6:00 mchana. Ni saa 4 na dakika 20. Mkijumlisha dakika alizokaa mbele ya mtumishi, kuanzia masjala mpaka dirishani, mnapata 28. Muda uliobaki, yaani saa 3 na dakika 52, alikuwa benchini.

Karatasi za namna hiyo mara nyingi huonesha mambo matatu.

Kuanza kwa kuchelewa. Wagonjwa wanafika saa 1, taarifa ya asubuhi inamalizika saa 3. Dawa yake: tabibu mmoja na muuguzi mmoja waanze kazi wakati wenzao wako kwenye taarifa, kwa zamu. Watapewa muhtasari baadaye.

Mwenye majibu kurudi mkiani. Mgonjwa katoka maabara na karatasi yake mkononi, anaambiwa apange foleni upya nyuma ya wapya. Dawa yake: tabibu aite mgonjwa mmoja mpya, kisha mmoja mwenye majibu, kwa kupokezana. Bandikeni utaratibu huo mlangoni ili asiyeujua asidhani mwenzake amependelewa.

Kila mtu kuja asubuhi. Wanaokuja kurudia dawa za shinikizo la damu au kubadilishiwa bandeji ya kidonda wanaweza kupangiwa mchana. Andika saa kwenye kadi, isiwe tarehe tu. Lakini mwenye kisukari anayepimwa sukari kabla ya kula abaki asubuhi. Usimfungishe mtu huyo mpaka saa 8 mchana.

## Hatua ya 3: Wekeni jicho mlangoni

Foleni ya haki si ile inayofuata nani kafika kwanza. Mtoto mwenye degedege aliyefika wa 40 ni wa kwanza. Wapo watoto wanaofia kwenye benchi la kungojea kwa sababu hakuna aliyewatazama, huku mama akiogopa kupita wenzake.

1. Mpangeni muuguzi mmoja kila asubuhi apite kwenye mabenchi kila baada ya nusu saa. Awatazame watu, asitazame mafaili.
2. Wafundisheni karani, mlinzi na mhudumu dalili zilizo kwenye kisanduku hapa chini. Kazi yao si kutibu wala kutaja ugonjwa, ni kupaza sauti na kumpeleka mgonjwa ndani.
3. Tengeni kitanda kimoja cha dharura chenye vifaa vilivyokaguliwa asubuhi: oksijeni kama ipo, mfuko wa kusaidia kupumua, dripu, kipima sukari, dawa ya degedege.
4. Anayepitishwa mbele, wenzake waelezwe kwa sauti ya upole: "Jamani, mtoto huyu hali yake si nzuri, naomba tumpishe." Watu wakielezwa huwa hawagombi.

KISANDUKU: Hawa hawapangi foleni

*Mtoto:*
- anapumua kwa shida au midomo imekuwa ya bluu
- ana degedege au hajitambui
- amelegea, hawezi kunywa wala kunyonya
- anatapika kila anachopewa
- anaharisha na macho yamedidimia
- mikono na miguu yake ni ya baridi wakati mwili una homa

*Mjamzito au aliyejifungua karibuni:*
- anatokwa damu
- kichwa kinamuuma sana, anaona maluweluwe, au ana degedege
- ana homa kali
- chupa imepasuka au uchungu umeshika

*Mtu yeyote:*
- maumivu makali ya kifua, au kupumua kwa shida
- upande mmoja wa mwili au wa uso umelegea ghafla
- anavuja damu nyingi, ameungua, amekunywa sumu au ameumwa na nyoka

Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, mtoto mwenye utapiamlo mkali na mgonjwa aliyeletwa kwa rufaa nao watazamwe mapema, hata kama hawana dalili hizo. Wazee wapewe dirisha au benchi lao, na bango la "wazee kwanza" lisimamiwe na mtu. Bango halipangi foleni lenyewe.

## Hatua ya 4: Pangeni mahali pa kazi kwa S tano

Mbinu ya 5S ilizaliwa kwenye viwanda vya Japani. Tanzania iliichukua baada ya kuona ilivyofanya kazi katika hospitali za Sri Lanka, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa ya kwanza kuijaribu mwaka 2007. Kwa Kiswahili S hizo zimepata majina yake:

1. Sasambua. Toeni chumbani kila kisichotumika: mizani mibovu, fomu za zamani, maboksi matupu. *Angalizo:* kifaa cha Serikali hakitupwi wala kugawiwa. Kitieni alama, kihamishieni stoo, na fuateni taratibu za kufuta mali.
2. Seti. Kila kitu kiwe na mahali pake na jina lake. Dawa zipangwe ili inayoisha muda mapema itoke mapema. Kipimo cha haraka: je, muuguzi mgeni wa zamu ya usiku anaweza kupata dripu ndani ya nusu dakika bila kuuliza?
3. Safisha. Usafi uwe na ratiba na jina la mtu. Vyoo vya wagonjwa vikaguliwe mara mbili kwa siku, na anayekagua atie saini.
4. Sanifisha. Vyumba vyote vifanane utaratibu. Ndoo ya taka hatarishi iwe na rangi ileile na ikae upande uleule kila chumba.
5. Shikilia. Hapa ndipo wengi huanguka. Wekeni ukaguzi wa dakika 10 kila Ijumaa, idara moja ikiikagua nyingine.

Usafi wa mikono unaingia hapa. Kutakasa kwa kitakasa mikono chenye alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30. Kunawa kwa maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Nawa au takasa nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuweka dripu, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Glovu haichukui nafasi ya kunawa. Glovu iliyoshika wagonjwa wawili inabeba vijidudu sawasawa na mkono mchafu.

## Hatua ya 5: Dakika ya kwanza na mgonjwa

Semina za "huduma kwa mteja" hushindwa kwa sababu zinamwambia mtumishi awe mpole bila kumpa la kufanya. Upole uwe ni vitendo vinavyoonekana:

1. Salimu kwanza. Mzee apate shikamoo yake kabla ya kuulizwa kadi. Sema pole.
2. Jitambulishe: "Naitwa Sista fulani, mimi ndiye nitakayekupima."
3. Uliza jina, usilitaje wewe. Ukisema "Wewe ndiye Mariamu Juma?" mgonjwa mwenye wasiwasi au asiyesikia vizuri ataitikia ndiyo, na kwenye benchi lile wapo Mariamu Juma wawili. Uliza "Majina yako matatu?" kisha linganisha na faili, pamoja na umri au namba yake.
4. Mwache aseme. Usimkatize dakika ya kwanza. Mara nyingi jambo kubwa huja mwisho.
5. Mweleze utakachofanya kabla ya kumgusa, na umwombe ruhusa.

KISANDUKU: Badala ya… sema…

- Badala ya "Mbona umechelewa hivi kuja?" sema: "Pole mama, umefanya vizuri kuja. Ilianza lini?"
- Badala ya "Kaa hapo usubiri" sema: "Kipimo hiki huchukua kama dakika 20. Kaa benchi hili, nitakuita kwa jina."
- Badala ya "Hilo halinihusu, nenda kule" sema: "Hilo ni chumba namba 4. Twende nikuoneshe."
- Badala ya "Dawa hakuna" sema: "Dawa hii imekwisha hapa kwetu. Ngoja nimuulize tabibu kama ipo nyingine inayofaa. Isipokuwepo, nitakuandikia jina lake vizuri ukaipate kwingine."
- Badala ya "Yule wa kitanda namba 6" sema: "Baba Hamisi."

Siri ya mgonjwa. Kuita kwa sauti "wa CTC wapite huku" ni kutangaza ugonjwa wa mtu mbele ya jirani zake. Iteni kwa jina au namba. Dirisha la dawa liwe na mstari sakafuni ambao mgonjwa anayefuata hauvuki. Chumba chenye matabibu wawili kiwe na pazia, na maswali ya ndani yaulizwe kwa sauti ya chini.

Lugha. Bibi asiyejua Kiswahili vizuri atafutiwe mtumishi anayejua lugha yake. Asitumiwe mtoto wala jirani wa foleni kutafsiri habari za uzazi au za VVU. Kwa kiziwi asiyekuja na mkalimani, andika kama anasoma, na mtazame usoni unapozungumza.

Chumba cha kujifungulia. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mwenza anayemchagua wakati wa uchungu. Kama wodi ina pazia, hilo linawezekana. Kofi, kejeli na matusi kwa mama aliye katika uchungu ni kosa la kuchukuliwa hatua, hata anayefanya hivyo awe na uzoefu wa miaka mingapi.

## Hatua ya 6: Mgonjwa aondoke akijua

Bahasha iliyoandikwa "2x3" inasomeka kwa aliyeiandika. Nyumbani, mmoja atameza viwili kwa siku tatu, mwingine vitatu mara mbili. Na ukimwambia mtu "kila saa 8", usishangae akisubiri saa nane mchana.

1. Taja saa zenyewe. "Meza sasa, saa 1 asubuhi. Inayofuata saa 9 alasiri."
2. Andika kwa maneno au michoro: jua linachomoza, jua la mchana, mwezi.
3. Eleza dawa ni ya nini, itamezwa mpaka lini, na nini kikitokea arudi haraka.
4. Mwombe akueleze yeye. Usiulize "umeelewa?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Sema: "Nataka nihakikishe nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani utamezaje?"
5. Akikosea, rekebisha maelezo yako na umwulize tena. Usimcheke.

Mfano mzuri ni dawa mseto ya malaria (ALu). Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi hupewa vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Kuanzia siku ya pili ni asubuhi na jioni. Aliyemeza ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ataimeza saa 12 jioni. Mwambie ameze na chakula, hasa chenye mafuta kidogo au maziwa. Mwambie pia kwamba homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki ni vyake, si akiba ya mwanawe.

## Hatua ya 7: Makabidhiano ya zamu na rufaa

Habari za mgonjwa hupotea zaidi mtu anapobadilika. "Wote wako sawa" si makabidhiano. Tumieni maswali manne, kitanda kwa kitanda, mgonjwa akiwepo:

1. Nani? Jina, umri, amelazwa lini, kwa tatizo gani.
2. Nini kimetokea? Mabadiliko ya zamu hii: homa, presha, mkojo, damu.
3. Nini kimefanyika? Dawa na saa ilipotolewa, vipimo vilivyochukuliwa.
4. Nini kifuate? Majibu yanayosubiriwa, dozi inayofuata na saa yake, na dalili gani ikitokea aitwe tabibu.

Anayepokea arudie kwa kifupi alichosikia kabla ya kusaini.

Kwa rufaa, ongeza mambo matatu. Piga simu kituo kinachopokea kabla gari halijaondoka. Jaza fomu ya rufaa kwa mwandiko unaosomeka, ukitaja dawa na saa zilipotolewa. Mweleze mgonjwa na ndugu kwa nini anapelekwa na aende na nini. Mama mwenye dharura ya uzazi au mtoto mchanga anaweza kupatiwa usafiri kupitia mfumo wa m-mama, namba 115 bila malipo. Namba hiyo iandikwe ukutani, chumba cha kujifungulia na mapokezi. Mgonjwa akirudi, mrejesho wa rufaa uingie kwenye faili lake.

## Hatua ya 8: Malalamiko na fedha yawe wazi

Sanduku la maoni lenye kufuli lililoshika kutu linamwambia mgonjwa kwamba hakuna anayesoma.

1. Weka karatasi na kalamu kando ya sanduku.
2. Lifunguliwe kila wiki na watu wawili, mmoja akiwa mjumbe wa kamati kutoka jamii.
3. Majibu yabandikwe ubaoni: wananchi wamesema nini, kituo kimefanya nini, na lisilowezekana ni kwa sababu gani.
4. Mtu akija na hasira, mpeleke pembeni, mketishe, msikilize mpaka mwisho, mpe pole, mwambie utafanya nini na lini, kisha uandike. Usimtetee mwenzako kabla hujajua kilichotokea.
5. Kosa la tiba likitokea, mgonjwa au ndugu aelezwe ukweli mapema na mkubwa wa idara. Ndugu akigundua mwenyewe, hata mnalosema kweli hataliamini tena.

Bei zibandikwe mahali pa kuonekana, pamoja na orodha ya wanaopata msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kila shilingi iwe na stakabadhi. Andikeni pia namba ya TAKUKURU, 113. Kituo kinachoibandika chenyewe kinawalinda watumishi wake waaminifu.

## Hatua ya 9: Jaribuni kidogo, pimeni, rudieni

1. Panga. Chagueni tatizo moja na kipimo chake. "Tupunguze foleni" haipimiki. "Mwenye majibu amwone tabibu ndani ya dakika 20" inapimika.
2. Tenda. Jaribuni kwa wiki mbili, chumba kimoja au zamu moja.
3. Kagua. Rudieni karatasi 20.
4. Rekebisha. Likifaa, lifanyeni kanuni ya kituo kizima. Lisipofaa, liacheni bila aibu na mjaribu jingine.

Msisahau watumishi wenyewe. Muuguzi aliyekesha bila chai, peke yake na wodi nzima, hawezi kuwa mpole kwa kuhubiriwa. Ratiba ya zamu itolewe mapema, apate dakika za kula, na akipata mgonjwa mgumu au kifo awepo mtu wa kumwuliza hali. Anayetajwa vizuri kwenye sanduku la maoni, jina lake lisomwe mbele ya wenzake.

## Makosa yanayorudiwa

- Kusubiri jengo jipya. Jengo jipya lenye utaratibu wa zamani huzaa foleni ileile kwenye vigae vipya.
- Kuanza na mambo kumi. Baada ya mwezi hakuna hata moja lililokamilika.
- Kutafuta wa kumlaumu. Faili likipotea, uliza kwanza utaratibu gani umeruhusu lipotee. Watu wakiogopa wataficha makosa.
- Kujipanga kwa ajili ya wakaguzi. Mashuka mapya yanayotandikwa siku ya ugeni na kufungiwa kesho yake wagonjwa wanayaona.
- Kusahau mchana na usiku. Huduma ya saa 3 usiku ndiyo kipimo cha kituo.

KISANDUKU: Orodha ya Ijumaa

Wekeni alama ya ndiyo au hapana, bila "karibu".

- Je, kuna aliyepita kwenye mabenchi kila nusu saa wiki hii?
- Je, kitanda cha dharura kilikaguliwa kila asubuhi?
- Je, maji na sabuni vilikuwepo kila chumba, na vyooni?
- Je, tabibu alianza kazi saa iliyobandikwa mlangoni?
- Je, wenye majibu walipokezana na wapya?
- Je, angalau wagonjwa watano walioulizwa kwenye dirisha la dawa waliweza kueleza watakavyomeza?
- Je, makabidhiano ya zamu yalifanyika kitandani?
- Je, sanduku lilifunguliwa na majibu yakabandikwa?
- Je, jambo la wiki iliyopita limekamilika?

Hapana tatu au zaidi zinatosha kuwa ajenda ya kikao kijacho. Chagueni moja tu kati yake.

Usingoje barua kutoka wilayani. Jumatatu ijayo chukua karatasi zako 20, wagawie wagonjwa, na jioni ukae na wenzako mjumlishe dakika. Mkishaona mgonjwa anakokwama, mtajua pa kuanzia. Na hapo hakuna atakayeanza isipokuwa ninyi.